Nilichokiona Björkö na tunachokiacha Mtambwe Mkuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika wiki chache zilizopita kuwa ni kupoteza wakati kuwahangaisha wageni na magofu ya Pemba, kwa sababu, kwa maelezo yake, mtu akishafika huko haoni chochote isipokuwa mawe, vichaka na mbuzi. Sikuudhika na barua ile. Nimesomesha historia katika skuli za Wete kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa wazazi wao na hata kwa walimu wenzangu, kiasi kwamba kuna nyakati nilianza kuyaamini mwenyewe. Kilichonishikisha kalamu ni kuwa mwezi wa Juni mwaka jana nilipelekwa kwenye kisiwa ambacho mji wake wa kale haukubakisha hata ukuta mmoja wa nyumba, na nikarudi nyumbani nikiwa na mazungumzo ya mwaka mzima barazani.

Binti yangu anaishi Stockholm, Uswidi. Nilikwenda kumtazama mjukuu aliyezaliwa huko, wala utalii haukuwamo katika nia yangu. Lakini mkwe wangu, ambaye anajua kuwa mzee wa historia hawezi kukaa ndani wiki nzima akitazama televisheni ya lugha asiyoijua, alikata tiketi za boti inayoondoka karibu na jumba la baraza la jiji, akatuchukua hadi kisiwa cha Björkö, kiasi cha kilomita 30 magharibi ya Stockholm. Safari ni ya karibu saa mbili katika ziwa la Mälaren, ambalo ni la tatu kwa ukubwa katika nchi ile. Boti ilipita katikati ya visiwa vingi mno, vingine vina nyumba moja tu na gati lake la mbao, vingine ni jabali tupu lenye misonobari mitatu minne. Nilikaa juu, upepo wa kiangazi chao ukinipiga kuliko upepo wa kipupwe chetu, nimevaa makoti mawili, huku watoto wa Kizungu pembeni yangu wanakula aiskrimu.

Tulipoteremka nilichutama gatini, nikachota maji kwa kiganja nikayaonja. Hayakuwa na chumvi hata chembe. Mtembezaji wetu, msichana wa rika la wanafunzi wangu wa mwisho, aliniona akacheka, akasema kuwa mzee ameanza pale pale alipotaka kuanzia yeye. Alitueleza kwa Kiingereza kuwa miaka 1,000 iliyopita ningeonja maji yenye chumvi kidogo, kwa sababu wakati huo Mälaren haikuwa ziwa, ilikuwa ni mkono wa Bahari ya Baltiki ulioingia ndani ya nchi. Katika zama za barafu, ardhi ya upande ule ilikandamizwa na barafu yenye unene unaopita kilomita moja. Barafu ilipoyeyuka, ardhi ikaanza kuinuka pole pole, mfano wa godoro ambalo mtu mzito ameondoka juu yake, na mpaka leo haijamaliza kuinuka: maeneo ya Stockholm hupanda kiasi cha nusu mita kwa kila miaka 100. Wakati wa mji ule, maji yalikuwa juu ya yalipo leo kwa kiasi cha mita 5. Alitupeleka hadi kwenye uwanja wa majani, mbali na ukingo wa ziwa, akatusimamisha hapo, kisha akatwambia kuwa tumesimama bandarini na kwamba maji yametufunika vichwa. Watu wazima tukajikuta tunatazama juu, tunatafuta matumbo ya vyombo.

Nakiri kuwa hapo ndipo aliponipata. Nilikuwa nimeshika kamera tayari, lakini sikuwa na cha kupiga picha.

Mji wenyewe uliitwa Birka, mji wa Waviking, wale mabaharia na wafanyabiashara wa kale wa nchi za kaskazini ya Ulaya. Ulianzishwa katikati ya karne ya 8 na ukahamwa karibu na mwaka 975, na katika siku zake nzuri ulikuwa na wakaazi baina ya 500 na 1,000, yaani kijiji kwa hesabu zetu za leo, lakini katika nchi ile na zama zile ulikuwa ni mji wa kutajika. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1993, miaka saba kabla ya Mji Mkongwe wetu, pamoja na Hovgården iliyo ng'ambo ya pili ya maji, katika kisiwa cha Adelsö, ambako mfalme alikaa akiwaangalia wafanyabiashara wake kwa umbali wa heshima. Sasa mwenzangu atauliza: kuna nini cha kuona? Kuna majani. Kuna tuta refu lililoota nyasi, ambalo lilikuwa boma la mji. Kuna kilima cha jabali, na juu yake msalaba uliowekwa mwaka 1834 kumkumbuka Ansgar, mtawa aliyefika karibu na mwaka 830 kuhubiri Ukristo na ambaye, kwa maelezo niliyopewa, hakuvuna wafuasi wengi. Kuna makaburi yanayokaribia 3,000, mengi yakiwa ni vilima vidogo vya duara vinavyofanana na vichuguu vilivyokatwa vichwa. Na kuna kondoo, ambao kazi yao ni kuyaweka majani chini ili vilima hivyo visimezwe na vichaka. Mbuzi anaowalalamikia msomaji mwenzetu kule Pemba, wenzetu wamewapa kazi.

Nyumba za Birka zilikuwa za mbao na udongo, na zote zimeoza. Zipo chache zilizojengwa upya kwa kukisia mfano wa zile za zamani, lakini mimi hazikunivutia sana, zilikuwa safi mno. Karibu na gati kuna jumba dogo la makumbusho lenye mifano ya mji iliyotengenezwa kwa mikono, vijumba vidogo vidogo na watu wa urefu wa njiti ya kiberiti, mmoja anapakua ngozi kutoka kwenye chombo na mwengine anamkimbiza nguruwe. Hapo mjukuu wangu alilala, mimi nikakaa nusu saa.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni udongo. Pale palipokuwa mjini, udongo ni mweusi, na wenyewe wanapaita kwa jina hilo hilo la Ardhi Nyeusi. Weusi huo umetokana na miaka zaidi ya 200 ya majivu, mifupa, samadi na takataka za jikoni, na wakulima wa kisiwa kile waliiona tofauti ya ardhi ile kabla ya wasomi kufika. Msomi wa kwanza kupafukua kwa miaka mingi aliitwa Hjalmar Stolpe, na kisa chake ningependa kila mwanafunzi wetu akisikie, kwa sababu mtu huyu hakufuata historia. Alikuwa mtaalamu wa viumbe, akafika mwaka 1871 kutafuta kaharabu, ile gundi ya miti ya kale iliyogeuka jiwe, kwa kuwa alitaka wadudu walionaswa ndani yake. Kaharabu aliikuta, ila akatambua kuwa haikuzaliwa pale, imeletwa kwa biashara, na aliyeileta hakukaa mbali na ardhi ile nyeusi. Akawaacha wadudu akayashika makaburi, akafukua kiasi cha makaburi 1,100 katika muda unaozidi miaka 20, na kila moja akalichora kwenye karatasi ya miraba. Michoro hiyo inatumika mpaka leo. Kaburi moja alilolifungua mwaka 1878 lilikuwa na silaha kamili na farasi wawili, na watu wote wakaamini kuwa ni la mwanamume shujaa, mpaka mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba ulipoonesha kuwa mifupa ile ni ya mwanamke. Kama asingelichora kila kitu mahali pake, mjadala huo usingekuwapo.

Tulipofika katikati ya makaburi, mtembezaji alifungua mkoba wake akatoa picha iliyofunikwa plastiki, akaipitisha mkono kwa mkono. Ilikuwa picha ya pete ya fedha yenye kito cha kioo cha rangi ya zambarau, iliyotolewa katika kaburi la mwanamke na huyo huyo Stolpe. Juu ya kioo kuna maandishi ya Kikufi, ule mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu. Alieleza kuwa wataalamu walioipima pete hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015 waliyasoma maandishi hayo kuwa yanataja jina la Allah, na kwamba alama za tupa ya sonara bado zinaonekana kwenye fedha yake, jambo linaloonesha kuwa haikuvaliwa na watu wengi tangu ilipotoka kwa aliyeifua mpaka ikafika kwenye kidole cha bibi yule. Binti yangu alinigeukia akaninong'oneza: "Baba, wewe ndiye peke yako hapa unayeweza kuisoma." Ukweli ni kuwa Kikufi si mchezo na sikuweza, nikabaki kuitazama tu.

Pete haikuwa peke yake. Birka, kama sehemu nyingi za Uswidi, imetoa dirhamu za fedha kutoka nchi za Kiislamu, na ukizihesabu zote zilizofukuliwa nchini humo unazungumzia makumi ya maelfu. Watu wa kaskazini walipeleka ngozi za wanyama na watumwa kupitia mito mikubwa ya Urusi, wakarudi na fedha. Si mbali na Björkö, katika kisiwa cha Helgö kilichomo katika ziwa hilo hilo, kulifukuliwa katika miaka ya 1950 sanamu ndogo ya Buddha iliyotoka kaskazini ya Bara Hindi. Mwanafunzi akisikia hayo hahitaji tena kuambiwa kuwa dunia ya zamani ilikuwa na njia.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipoondoka kwenye majani ya Uswidi yakarudi nyumbani, na naomba mhariri anivumilie, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike. Karibu na mwaka 916, wakati Birka iko hai, Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu, alisafiri katika bahari yetu pamoja na mabaharia wa Oman na wa Siraf, bandari ya Uajemi, akaandika kuhusu kisiwa cha Qanbalu, ambacho wataalamu wengi wanaamini kuwa ni Pemba yetu. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 921, Ibn Fadlan alitumwa kutoka Baghdad kwenda kaskazini mpaka mto Volga, na huko akakutana na wafanyabiashara warefu, wekundu wa ngozi, ambao kwa maoni ya wataalamu wengi asili yao ni nchi za Skandinavia. Khalifa aliyekuwa akitawala Baghdad katika safari zote mbili ni mmoja, Al-Muqtadir. Mmoja amekuja kwetu, mwengine amekwenda kwa wale wa Birka. Nimesomesha safari ya Al-Masudi kwa miaka 31 bila ya kuiweka pamoja na ile ya Ibn Fadlan, na nimekuja kuziunganisha nikiwa nimesimama makaburini kwa watu, nimevaa makoti mawili.

Sasa tuje Mtambwe Mkuu. Kwa wasomaji wa Unguja ambao hawajafika, ni mahali penye magofu ya mji wa kale, palipo upande wa pili wa hori, ukiwa Wete unapaona. Maji yakijaa ni kisiwa. Yakipwa unaweza kupita kwa miguu kutoka upande wa Mtambwe, ukikanyaga tope baina ya mikoko. Vyenginevyo unavuka kwa ngalawa kutoka Wete. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliandika kuhusu kisiwa cha kijani cha upande huu akaitaja miji yake miwili kwa majina ambayo mtoto yeyote wa Pemba akiyasikia anayatambua, Mtambwe na Mkumbuu. Mwaka 1984 wanaakiolojia waliofukua Mtambwe Mkuu walikuta hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, nyingi zikiwa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, zimeandikwa kwa Kiarabu majina ya watawala wa pwani yetu wenyewe, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu, zikiwamo za Wafatimi, watawala wa Misri wa zama hizo. Hazina hiyo inahesabiwa kuwa ya karne ya 11. Ndugu zangu, Birka ilitumia dirhamu za watu wengine. Pwani hii iligonga fedha yake kwa majina ya watawala wake.

Nilikwenda tena Mtambwe Mkuu mwezi mmoja baada ya kurudi safari, nikitaka kupatazama kwa macho mapya. Juu ya ardhi hakuna mengi, na hapo nakubaliana na msomaji mwenzetu: vipande vya kuta vimeshikwa na mizizi, na asiyeambiwa atavipita. Nilimkuta mama mmoja anapalilia muhogo, na mwanawe wa miaka mitano au sita amekaa kwenye tuta analolivunja. Kila jembe likiingia linatoka na kitu. Kigae chekundu, kigae cheusi, kisha kimoja chenye rangi ya kijani iliyong'aa mara tu mama alipokipangusa kwa kidole, cha chombo ambacho hakikufinyangwa Pemba. Mtoto alikuwa anaokota shanga. Alikuwa nazo nne kiganjani, mbili nyekundu, moja ya manjano na moja ambayo rangi yake imeshatoka, na nilipomuomba anioneshe alizitia mdomoni kwa kunidhania mwizi. Mama yake akamkaripia, akanitaka radhi, akaniambia: "Maalim, hizi tunaziokota kila mvua ikinyesha. Watoto wanazichezea, zikipotea wanaokota nyengine."

Nilimuuliza kama anajua zimetoka wapi. Akasema za wazee wa zamani, waliokuwa matajiri. Jibu hilo si baya, lakini mama yule, ambaye anaijua kila tuta ya ardhi ile na anaweza kukuonesha pale ambapo jembe hukwama kwa sababu chini kuna sakafu ya chokaa, hakuna mtu aliyewahi kukaa naye akamueleza kuwa sarafu zilizotoka kwenye ardhi anayoilima zimeandikiwa na wataalamu wa ng'ambo, wala hajapata kuiona hata picha ya moja. Na hakuna aliyemuuliza yeye anajua nini. Msichana wa Björkö alikuwa na picha iliyofunikwa plastiki mkobani. Kitu hicho kwa bei ya leo hakifikii bei ya kuku.

Nimelisema hili makusudi kwa sababu hoja inayotolewa siku zote ni fedha. Mwaka juzi nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, kuuliza kama kunaweza kuwekwa japo kibao pale mahali pa kuvukia. Nilipokewa kwa heshima, nikapewa kiti na chai, nikaambiwa kuwa mpango wa Mtambwe ni mkubwa, una gati, una njia ya kupita juu ya mikoko, una jumba la mapumziko, na unasubiri mfadhili. Nilitoka nikiwa na furaha, na mpaka nafika nyumbani furaha ile ilikuwa imeshakwisha. Mpango mkubwa unaosubiri mfadhili ni njia ya kutofanya dogo lililo mkononi, na kwa kweli gati pale silitaki. Mahali ambapo maji yanaamua nani aingie na saa ngapi atoke pana ulinzi wake, na mgeni aliyekunja suruali akavuka tope atakumbuka alipofika kuliko aliyeshushwa na gari mlangoni.

Ninachokitaka mimi ni watu. Vijana sita au wanane wa Mtambwe, wanaume na wanawake, wasomeshwe historia ya mahali pao kwa kiasi cha mwezi mmoja, wapewe kitambulisho na wapewe haki ya kuwa hakuna mgeni atakayepelekwa Mtambwe Mkuu bila ya mmoja wao. Nasema wa Mtambwe kwa sababu nimeshawaona watembezaji wanaokuja na wageni kutoka hoteli za mbali, na mmoja wao nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia watu kuwa kuta zile zilijengwa na Wareno. Wareno walifika pwani hii mwishoni mwa karne ya 15, karne nne nzima baada ya sarafu zile. Kibao kiwekwe, na maandishi ya kwanza yawe ya Kiswahili, kwa herufi kubwa, ya wageni yafuate chini. Na mfano wa sarafu utengenezwe, hata wa bati, mkubwa kiasi cha mtoto kuushika na kuyasoma maandishi yake, kwa sababu watoto wetu wanaosoma chuo cha Kurani wanaweza kuzisoma herufi zile kwa urahisi kuliko mzee wa Kiswidi aliyekuwa amesimama kando yangu siku ile ya pete.

Jambo la kilimo nalo linahitaji busara, na hapa huenda nikawaudhi baadhi ya wenzangu wanaotaka watu waondolewe kisiwani. Mimi sikubaliani nao. Kule Björkö mpaka leo wapo wakulima wanaoishi, na ardhi yenye makaburi inatunzwa kwa kulishia kondoo, ambao hawafukui kitu. Muhogo unafukua. Inawezekana kukaa na wenye mashamba, sheha akiwapo, kupanga ni wapi palimwe na wapi paachiwe malisho, na anayeokota kitu akipeleke kwa mtu maalumu na aandikiwe jina lake kuwa yeye ndiye aliyekiona. Watu wetu hawana tatizo la kutoa kitu. Wanachochukia ni kitu kuondoka na wasisikie tena habari zake.

Nisije nikaonekana nimelewa kwa safari moja ya ng'ambo, niseme pia kuwa si kila nilichokiona Björkö ni cha kuigwa. Dukani wanauza kofia za plastiki zenye pembe, na mtembezaji yule yule aliyetueleza mambo mazuri saa nzima alituambia kwa aibu kuwa Waviking hawakuvaa pembe, ila watoto wanazipenda. Vitu vilivyotoka makaburini havipo kisiwani, vimehifadhiwa Stockholm, na unachokiona pale mara nyingi ni nakala. Boti za wageni ni za miezi ya joto tu, baridi ikiingia kisiwa kinabaki na wakaazi wake wachache. Sisi hatuna baridi ya kutufungia milango, tuna bamvua na maji mafu, ambayo yamo katika kalenda kwa mwaka mzima. Tofauti nyengine haitufai: kwao ardhi inainuka, bandari yao ya kale imebaki salama chini ya majani. Kwetu bahari inakula ukingo. Mahali ambapo nilisimama na wanafunzi wangu katika miaka ya 1990 kutazama kipande cha ukuta, mwaka huu nimekuta pwani tupu na mawe yake yamelala kwenye mchanga, na mvuvi mmoja ameshayachukua mawili kutilia nanga. Simlaumu, nanga inataka jiwe.

Kwa hivyo namwalika msomaji mwenzetu aliyeiandika barua ile. Sina haja ya kumjua jina. Katika bamvua la mwezi ujao maji yatakuwa yamepwa vizuri kiasi cha saa 4 asubuhi. Afike Wete usiku wake, alale, na asubuhi nitakuwa namsubiri upande wa Mtambwe kabla ya saa 3 na suruali yangu nimeshaikunja. Asivae viatu vya kufunga kamba. Nimeshazungumza na yule mama wa shamba la muhogo, na yeye ndiye atakayetembeza. Mimi nitabeba picha za sarafu, nimeshazifunika plastiki, na nimemuahidi mwanawe kuwa mara hii sitamuomba shanga zake.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Wete, Pemba.